Uanuwai na uwakilishi katika hadithi za askari kanzu: maana yake nini?

Maneno haya mawili huandamana kama chanda na pete, hata watu wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Uanuwai ni swali la nani wamo: je, wahusika ni wa rangi, jinsia, dini na asili mbalimbali? Uwakilishi unauliza wamo kama nani. Filamu inaweza kujaa sura za kila aina, lakini mweusi akawa muuza unga, mwanamke akawa mke wa kupiga simu na kuuliza "utarudi lini?", na mhamiaji akafa kabla hatujalijua jina lake. Uanuwai upo, uwakilishi mbovu.

Katika visa vingi unaweza kubadilisha rangi ya stelingi na mambo yakaenda vilevile. Kwa askari aliyejipenyeza ndani ya genge, haiwezekani. Kazi yake yote ni kuaminiwa kuwa ni mwenzao, nao humpima kwa lafudhi, kwa sura, kwa anavyocheka utani wao. Kiswahili humwita askari kanzu kwa kuwa kaweka sare pembeni. Lakini kanzu huvaliwa ikavuliwa, ngozi haivuliwi.

Mfano mzuri kuliko yote haukutungwa. Mwaka 1978 Ron Stallworth, mpelelezi wa kwanza mweusi katika polisi ya Colorado Springs, Marekani, aliona tangazo gazetini la kutafuta wanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wanaowachukia weusi na Wayahudi. Akaandika barua, na kwa kupitiwa akatia jina lake halisi. Walipompigia simu alizungumza kama mzungu mwenye chuki, wakamwamini. Ilipofika zamu ya kuonana uso kwa uso, alikwenda mwenzake mzungu kwa jina lilelile. Kadi ya uanachama ilipotoka, ilikuwa na jina la mtu mweusi.

Filamu ya kisa hicho, BlacKkKlansman ya Spike Lee (2018), ilimfanya yule mwenzake kuwa Myahudi, ingawa askari wa kweli hakuwa. Ni badiliko dogo, ila tazama lilivyofanya kazi. Sasa kila akikaa na watu wale ana siri mbili za kuficha, upolisi wake na asili yake, na kuna mmoja anayemshuku hasa kwa hiyo ya pili. Mwenyewe anakiri kwamba zamani hakuufikiria sana Uyahudi wake. Sasa anaufikiria muda wote. Hatari imetoka kwenye utambulisho wa mtu, haikubandikwa juu yake.

Simaanishi kwamba kila mhusika wa kundi dogo ahubiri habari za kundi lake. Aachwe awe mvivu, awe na wivu, akosee shabaha. Wala cheo hakitoshi: yule mkuu wa kituo mweusi anayefoka nyuma ya meza filamu nzima, tusiyejua anaishi na nani, ni samani yenye nyota mabegani. Na tazama pia upande wa pili. Kama polisi ni mchanganyiko wa dunia nzima na majambazi wote ni wa asili moja, uanuwai umegawiwa kwa upendeleo.

Askari wa kike ndiye huonewa zaidi. Mwandishi mvivu humfanya chambo: gauni, hereni, kinasa sauti kifuani, kisha anasubiri kuokolewa. Mwandishi mwenye jicho atamweka jikoni akiosha bilauri, mlango wazi, huku wanaume wakitaja mezani siku ya kuingia mzigo, kwa kuwa kwao yeye si mtu wa kuogopwa. Hageuki wala hasimamishi maji. Akimaliza anajua siku, na anajua pia waliokuja walikuwa wangapi, maana bilauri amezihesabu.