Vairagya Si Kumkimbia Mwenzi: Dhana Potofu kuhusu Yoga na Mfungamano wa Kihisia

Kila mteja anaponiambia kwamba yoga imemfundisha kutomhitaji mtu yeyote, najua kwamba kazi yetu ndiyo kwanza inaanza. Dhana kwamba vairagya (kutong'ang'ania) inayotajwa na Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa India, katika kitabu cha Yoga Sutra ni kuzima hisia na kujitenga na mwenzi ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu humpa mwenye mfungamano wa kukwepa, yaani aliyezoea kujilinda kwa kujiweka mbali na walio karibu naye, kisingizio kitakatifu cha kuendelea kukwepa. Katika sura ya pili, Patanjali anaorodhesha vyanzo vitano vya mateso ya binadamu, na viwili kati yake huandamana: raga, yaani kung'ang'ania kilichowahi kutupa raha, na dvesha, yaani kukichukia na kukiepa kilichowahi kutuumiza. Kwa jinsi ninavyoyasoma maneno hayo, anayempigia mwenzi simu mfululizo kwa hofu ya kuachwa amefungwa na raga. Anayenuna siku tatu baada ya ugomvi, kisha akajisifu kuwa ametulia, amefungwa na dvesha, wala hajafika popote. Vairagya huonekana pale mtu anaposikiliza lawama hadi mwisho bila kufoka wala kuondoka.

Kwa hiyo wateja wa namna hii siwaagizi kutafakari kwa saa nzima wakiwa wamejifungia chumbani, maana huko ndiko walikotaka kwenda tangu awali. Nawarudisha kwenye sutra (aya fupi) ya 33 ya sura ya kwanza, inayohimiza urafiki kwa wenye furaha na huruma kwa wanaoteseka, kisha nawataka wapumue polepole mara chache kabla ya kujibu ujumbe uliowachoma, na baada ya hapo wajibu. Wengi hupumua vizuri sana, wakasahau kujibu.

Wapo wanaoamini kwamba kutafakari pekee kunatosha. Kwa aliyeumizwa utotoni, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kuamsha kumbukumbu nzito, na hapo anahitajika mshauri nasaha.

Wengine hudai kwamba nadharia ya mfungamano, inayoeleza jinsi uhusiano wa mtoto na mlezi wake unavyoathiri mahusiano yake ya baadaye, ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Lakini Mary Ainsworth, mmoja wa wanasaikolojia walioijenga nadharia hiyo, alichunguza familia 26 za Waganda karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, kabla ya utafiti wake maarufu wa Baltimore, Marekani.

Ama wanaosema kwamba mfungamano wa utotoni haubadiliki kamwe, hubadilika, ila huchukua muda mrefu kuliko mafungo ya wikiendi moja, na hurahisika zaidi mwenzi naye akiwa mtu wa kutegemewa.