Kigoda cha mninga kwenye kioo cha simu

Kazi yangu hapa Tabora ni kurekodi video fupi za mafundi wa kuchonga na kuzipandisha TikTok na YouTube. Vijana huniuliza programu ipi ya akili mnemba inatoa video kali. Jibu langu huwaudhi: kazi ya fundi isiguswe na akili mnemba hata kidogo. Akili mnemba iachiwe maneno tu.

Mfumo wa TikTok na YouTube unaochagua nani aone nini haujui sanaa. Unapima mtu ametazama hadi wapi, amerudia, amemtumia mwenzake. Kwa hiyo kuanza na "karibuni tena kwenye ukurasa wetu" ni kujifukuzia watazamaji. Anza na tezo, kile kishoka cha kuchongea. Mti wa mninga kwa nje umepauka. Tezo ikizama ndani, kahawia yenye wekundu inachomoza na vibanzi vya mti vinaruka. Simu iwe karibu na mkono, wima, mwanga wa mlangoni, na muziki usiwekwe juu ya mlio wa tezo. Sekunde chache hizo zinatosha kumfanya mtu wa Mwanza au Muscat aulize kinachochongwa ni nini.

Hapo ndipo akili mnemba inaingia. Wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, hivyo maneno ya fundi lazima yaonekane chini ya picha. Natumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa bure mwaka 2022. Inakaa kwenye kompyuta yako na ukishaipakua hailambi bando. Kiswahili inakiandika, ila kwa makosa. Fundi mzee akichomekea Kinyamwezi, inabuni. Ndiyo maana nakaa naye: "Mzee wangu, hapa ulisema nini?" Ananisahihisha, mara nyingi kwa kunicheka kwanza.

Picha za kutengenezwa ni balaa lingine. Iombe mashine kinyago cha Unyamwezi, itakuletea mchanganyiko wa Kimakonde na Afrika Magharibi, umeng'arishwa vizuri kabisa. Mtoto wa Kitete au Ipuli hapa Tabora akikua anaona hivyo tu, ataamini ndivyo babu zake walivyochonga. Ukihitaji kitu cha kale, tafuta kitu chenyewe. Jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art la New York linacho kiti cha Wanyamwezi cha karne ya 19, chenye egemeo refu. Februari 2017 jumba hilo liliruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumiwe na yeyote, bure. Hakikisha tu alama ya ruhusa hiyo (Open Access) ipo kwenye ukurasa wa picha unayoitaka. Nikiweka picha ya kale kando ya kigoda kinachochongwa leo, maoni hubadilika: watu wanaacha "hongera sana" na kuanza kubishana juu ya miguu ya kiti.

Kwenye maelezo ya video andika Tabora, mninga, kigoda, na jina la fundi akiridhia. Halafu bei. "Bei inbox" inamchosha mnunuzi kabla hajauliza.