Mtandao wa ngono ni nini?

Mtandao wa ngono ni watu wote wanaounganishwa na mahusiano ya kingono, hata kama wengi wao hawajawahi kuonana. Si lazima uwe na wapenzi wengi ndipo uwemo. Inatosha huyo mmoja uliye naye awe na mwingine, na mwingine huyo naye awe na wake.

Tuseme binti wa mwaka wa kwanza ana mpenzi mmoja tu, kaka wa mwaka wa tatu. Kaka alipokwenda field Mwanza alipata mtu huko, na bado wanakutana kila likizo. Dada wa Mwanza naye ana mzee anayemlipia kodi, mwenye mke nyumbani. Binti akiulizwa atajibu kwa haki kabisa kwamba ana mmoja. Lakini yumo kwenye mnyororo mmoja na mke wa mtu asiyemjua, na ugonjwa ukiingia popote una njia ya kumfikia.

Ndiyo maana ile hesabu ya vijiweni, "amepita wangapi", inadanganya. Aliyekuwa na wapenzi watatu, mmoja baada ya mwingine, akiambukizwa na wa tatu hawapelekei tena wale wa mwanzo. Akiwa nao kwa pamoja, maambukizi huenda na kurudi. Kwa VVU ni mbaya zaidi: wiki za mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini, na kipimo cha haraka bado kinaweza kusoma hasi.

Klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, husafiri kimyakimya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 129 mwaka 2020, na wanawake wengi wenye nayo hawaoni dalili yoyote, huku ikiweza kuharibu mirija ya uzazi. Daktari wa zahanati ya chuo akikwambia uje na mwenzako, si umbea. Ukitibiwa peke yako, mkikutana tu anakurudishia.

P2, vidonge vya dharura vya kumeza baada ya ngono, ambayo hosteli hukimbiliwa kuliko kondomu, huzuia mimba tu. Kondomu ndiyo hukata mnyororo ikitumika kila mara, ingawa malengelenge ya sehemu za siri na HPV (virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi) huweza kupita kwenye ngozi isiyofunikwa. Ikipasuka, kuna PEP ya kuzuia VVU: dawa za siku 28, zinazoanzwa ndani ya saa 72.