Kujitolea shuleni si lazima kumaanishe kushika darasa

Tukisikia "kijana anayejitolea shuleni", wengi wetu tunamfikiria mhitimu wa ualimu asiye na ajira, aliyekabidhiwa chaki na darasa zima. Hapa Tanzania ndivyo ilivyo mara nyingi, maana walimu hawatoshi. Kwa hiyo City Year, shirika la Marekani linalopeleka vijana wa kujitolea shuleni, nalo hudhaniwa kuwa njia ya kupata walimu wa bei nafuu.

Sivyo. Shirika hilo lilianzia Boston mwaka 1988, na vijana wake huingia darasa ambalo tayari lina mwalimu, naye ndiye anayefundisha. Kijana huyo, mwenye koti jekundu ambalo ni sare ya shirika, huketi kando ya mtoto aliyekwama kwenye hesabu za sehemu, wakarudia robo tatu hiyohiyo mpaka ieleweke. Asubuhi huwapokea wanafunzi mlangoni na kufuatilia wasiofika.

Huko kufuatilia utoro ndiko ninakokuthamini zaidi. Robert Balfanz wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walionyesha, kwa wanafunzi wa Philadelphia, kwamba utoro, utovu wa nidhamu na kufeli hisabati au Kiingereza darasa la sita ni dalili za mapema za mtoto atakayeacha shule. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumfuata kila mmoja.

Wala hawaendi mikono mitupu: hupewa posho ya kujikimu kupitia AmeriCorps, mpango wa serikali ya Marekani wa huduma za kujitolea, na wakimaliza mwaka hupata fedha za kulipia masomo au mkopo wa chuo. Baadhi yao husomea ualimu baadaye.