Mita 60 Zinahesabiwa Kuanzia Wapi? Ukanda wa Mto katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji

Katika vijiji vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, hakuna kanuni ya serikali inayojulikana kuliko ile ya kuacha mita 60 kando ya mto. Mtendaji wa kijiji anaijua, mwenyekiti wa kitongoji anaijua, na mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, anaijua kuliko wote kwa sababu yeye ndiye inayemgusa. Hata hivyo, ukiwauliza watatu hao mita hizo zinaanza kuhesabiwa wapi, utapata majibu matatu, na siku nyingine matano. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini nimeona mipango mizuri ya vijiji ikiharibikia hapo.

Nianze na sheria zenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa, shughuli za kibinadamu zenye asili ya kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwisha kuitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo ikafuata mkondo huo kwa ardhi ya vijiji. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo inaruhusu kutangazwa kwa maeneo tengefu kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji. Msomaji ataona kwamba hatuna upungufu wa sheria. Tunachokosa ni kazi ya kuishusha namba hiyo kutoka kwenye karatasi hadi kwenye udongo, na kazi hiyo ni ya kijiji na halmashauri ya wilaya.

Tatizo la kwanza ni ukingo wenyewe. Mto wa nyanda za juu una sura mbili kwa mwaka: mwezi wa Oktoba unauvuka kwa kukanyaga mawe bila kulowesha goti, na mwezi wa Machi umepanuka hadi kwenye matete na kufunika sehemu ambayo wakati wa kiangazi watoto walikuwa wakichungia mbuzi. Mwaka mmoja, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, niliongoza upimaji wa ukanda wa mto katika kijiji kimoja wakati wa kiangazi. Tulihesabu mita 60 kutoka pale maji yalipokuwa yameishia siku ile, tukachimbia bikoni za zege, tukapiga picha na kuondoka. Niliporudi kifuku kilichofuata, sehemu moja ambayo mto unapinda bikoni mbili zilikuwa zimezungukwa na maji, na mkulima aliyekuwa amelima hadi kwenye bikoni kwa kufuata maelekezo yangu alikuwa amepoteza mazao na udongo kwa pamoja. Yeye hakuvunja sheria yoyote. Aliyekosea kupima ni mimi.

Tangu siku ile sipimi bila kutafuta alama ya mafuriko. Alama hiyo haihitaji mitambo: ni nyasi kavu, matawi na mifuko ya plastiki iliyonaswa kwenye vichaka, ni mstari wa tope kwenye magogo ya miti, na ni wazee wanaokumbuka maji yalifika kwenye mkuyu upi. Wenzetu wa Kenya wameliweka jambo hili wazi zaidi katika kanuni zao za ubora wa maji za mwaka 2006, kwa kuanza kuhesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, ingawa upana wao ni mdogo kuliko wetu, yaani sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 na usiozidi 30. Nikiambiwa nichague, ningechukua namba yetu na mahali pao pa kuanzia.

Sasa, ukanda huo unafanya nini hasa? Maji ya mvua yanayoteremka kutoka shambani hubeba udongo, mbolea na samadi. Yakikutana na nyasi nene na majani yaliyooza, hupunguza kasi, na yakipunguza kasi huangusha mzigo. Mchanga mzito huanguka ndani ya mita chache za mwanzo, lakini chembe ndogo za mfinyanzi, ambazo ndizo zinazoufanya mto uwe na rangi ya chai ya maziwa, huhitaji umbali mrefu zaidi, na fosfati ya mbolea husafiri ikiwa imeshikamana na chembe hizohizo. Chini ya ardhi, mizizi na bakteria wa udongo wenye unyevu hupunguza naitreti kabla haijafika mtoni. Pembeni mwa maji, mizizi ya miti hushika ukingo usimomonyoke, na kivuli huzuia maji yasipate joto kupita kiasi. Kwa hiyo upana unaohitajika hutegemea kazi unayotaka ifanyike, pamoja na mteremko na aina ya udongo. Mita 60 ni makadirio ya mtunga sheria anayetaka namba moja kwa nchi nzima, na si makadirio mabaya.

Lakini yote hayo hutimia ikiwa tu maji yanaingia kwenye ukanda yakiwa yametandaa. Hapa ndipo mipango mingi inapodanganyika kwa ramani. Nimesimama kwenye ukanda uliohifadhiwa vizuri, wenye matete na miti ya asili pande zote, nikatazama mvua ya saa moja ikiukwepa wote kwa kupita kwenye njia moja ya ng'ombe yenye upana wa mita mbili, iliyochimbika kama mfereji hadi mtoni. Maji yote ya mlima ule yalipita hapo, mekundu, bila kugusa jani. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuzungumzia upana, nawauliza wanakijiji mifugo inashukia wapi kunywa na akina mama wanateka maji wapi. Birika la kunyweshea lililojengwa juu ya ukanda na kuletewa maji kwa bomba linaweza kuuponya mto kuliko mita 20 za ziada ambazo hakuna atakayezilinda.

Tatizo la pili ni hesabu ya ekari, na hili ndilo linalowaumiza watu. Kilomita moja ya mto, ukihesabu mita 60 kila upande, ni hekta 12, takriban ekari 30. Katika kijiji chenye eneo kubwa si nyingi. Ila ekari zile ni zenye unyevu, na katika Iringa na Njombe ndiko viliko vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi na kuipa kaya mahindi mabichi na maharage kabla ya shamba la mlimani halijakomaa. Ekari moja ya mraba, zile hatua 70 kwa 70 ambazo kila mkulima anazijua, ina upande wa mita zisizofika 64. Mwenye ekari moja inayopakana na mto, ukimpimia mita 60 umembakizia kipande cha kusimama.

Mzee mmoja alinionyesha hesabu hiyo bila kalamu. Tulipofika kwake na kamati ya kijiji alitusalimu "Kamwene", akatukaribisha, kisha akaifuata kamba yetu kimya hadi mwisho wake. Ilipotulia kwenye mstari wa mwisho wa maharage yake, akaniambia, "Mwanangu, hii kamba yako imekula kila kitu, imeniachia njia tu." Nikamjibu, "Ni kweli, baba, lakini hebu tuone sheria imekataza nini." Na sikumjibu hivyo ili kumtuliza tu. Kifungu cha 57 hakikusema ukanda uwe msitu usiogusika. Kimetaja shughuli za kudumu na zile zinazoathiri hifadhi, na kimempa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya yanayoweza kufanyika humo. Wapo wenzangu wa ofisi za mabonde ya maji, zinazosimamia mito, wasioupenda usomaji huu. Wanahofia kwamba ukiruhusu jembe mara moja litafika majini, na nimeona vijiji ambako hofu yao ilithibitika.

Pale kwa mzee, kamati iligawa ukanda vipande vitatu. Mita 15 za mwanzo kutoka alama ya mafuriko ziliachwa kabisa ziote zenyewe, na mapengo yakajazwa miche ya mivengi, mti ambao watu wa huku wanauheshimu kwa kukaa na maji bila kuyamaliza. Sehemu ya kati ilipandwa mabingobingo, yanayokatwa kulisha ng'ombe wa ndani, na mizinga ya nyuki ikaruhusiwa. Sehemu ya juu, iliyo mbali zaidi na maji, ilibaki kwa mazao ya msimu, kwa sharti la matuta ya kontua, yaani yanayokingama mteremko, na bila dawa za kunyunyizia. Milingoti, yaani mikaratusi, iliyokuwa imepandwa bondeni ilikatwa, na hapo palikuwa na manung'uniko, kwa sababu milingoti ni fedha. Lakini mti unaokua haraka kiasi kile hukua kwa maji, na kuupanda kwenye chemchemi ni kuiwekea chemchemi pampu isiyozimwa.

Mpangilio kama huo hauna nguvu mpaka uandikwe. Mpango hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na sheria ndogo zinazoutekeleza hutungwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa mkutanoni, kisha hupelekwa kwenye halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mahali pa kuwa macho ni pale hatimiliki za kimila zinapoandaliwa. Vijana wenye vifaa vya kupimia huzunguka shamba pamoja na mwenye nalo, na mwenye nalo kwa kawaida hutembea hadi majini. Hati ikitoka hivyo, bila kuutoa ukanda au kuuandikia sharti, kijiji kitakuwa kimempa mtu karatasi inayopingana na sheria ndogo yake chenyewe. Afadhali kubishana siku ya kupima kuliko siku ya kubomoa, kama ilivyotokea mjini Dar es Salaam katika bonde la Msimbazi mwezi Desemba 2015, watu walipobomolewa nyumba walizokwisha kuzihamia.

Niongeze neno kuhusu vijito. Sehemu kubwa ya urefu wa mtandao wowote wa mito ni vijito vidogo, vingine vya msimu, visivyo na jina kwenye ramani. Huko ndiko udongo unakoingilia, na huko ndiko kamba yetu isikofika, kwa kuwa kila mtu anawaza mto mkubwa. Vilevile tusiupe ukanda sifa zisizo zake: Ruaha Mkuu, ulioanza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, hauwezi kurudishwa na miti ya kingoni peke yake, maana maji yake mengi yanatolewa juu, Usangu, kwa kilimo cha umwagiliaji.

Kwa kijiji kinachoanza mpango mwaka huu, ushauri wangu ni kutembea kando ya mto mara mbili: mwezi wa Machi kuweka alama kwa rangi kwenye miti pale maji yalipofika, na mwezi wa Agosti kurudi na kamba kuanza kupima kutoka kwenye rangi hiyo, wenye vinyungu wote wakiwepo na vijito vikiwa vimehesabiwa.