Chema hakijiuzi: kesi ya O.V. Wright

Jumapili iliyopita, saa tatu kasoro usiku, nimeshusha sindano kwenye santuri ya O.V. Wright, mwimbaji Mweusi wa Marekani, wimbo "That's How Strong My Love Is", hata ubeti wa kwanza haujaisha, simu ya studio ikaanza kutetemeka. "Kaka, huyo anaiga. Tuwekee wa Otis Redding mwenyewe." Ujumbe huo huja kila ninapoupiga wimbo ule, nimeshauzoea kama mbu. Nikasema hewani, kwa upole wote, kwamba huyu ndiye aliyeanza na Otis, Mmarekani mwenzake mwenye jina kubwa zaidi, ndiye aliyefuata. Akarudi mbio: "Kama ndiye wa kwanza na ni mkali hivyo, mbona hatumjui? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nikaweka tangazo la sabuni, nikanywa maji.

Methali ile ilitungwa kwa ajili ya embe. Embe lina harufu, unalinusa kabla hujatoa pesa. Santuri hainukii. Lazima mtu alipie studio, mwingine aichape, mwingine aipakie kwenye gari, mwingine aipeleke redioni na kumbembeleza mtangazaji kama mimi. Mmoja tu kati yao akikunja mikono, wimbo umekufa, hata kama aliyeimba ni malaika. Na tukitaja malaika: ni nyinyi hawahawa mnaonuna kila Mzungu anaposema "Malaika" ni wimbo wa Miriam Makeba au wa Boney M. Uchungu wa Fadhili William mnaujua. Wa O.V. Wright mnaurushia methali.

Haya. Overton Vertis Wright, amezaliwa Oktoba 9, 1939, Lenow, Tennessee, jirani na Memphis. Kanisani tangu utotoni, na mwaka 1956, bado yuko sekondari, akaingia Sunset Travelers, kwateti ya injili. Kwateti kwa watu wale si lazima wawe wanne. Wanaweza kuwa watano au sita, maana wanahesabu sauti, hawahesabu vichwa. Sunset Travelers walirekodi kwa lebo ya Peacock ya Houston. Ukumbukeni mkataba huo, kwa sababu ndio utakaomnyonga.

Mwaka 1963 hivi yuko na kundi jingine la injili, Harmony Echoes, pamoja na James Carr (huyo naye ana kesi yake, siku nyingine). Aliyewasimamia ni Roosevelt Jamison, mtu aliyefanya kazi benki ya damu Memphis na kutunga nyimbo baada ya kazi. Jamison akatunga "That's How Strong My Love Is", akawapeleka vijana wake kwa lebo changa iitwayo Goldwax, na mwaka 1964 O.V. akaurekodi. Ndio wimbo wake wa kwanza nje ya kanisa. Otis Redding akauchukua, mwaka 1965 Rolling Stones, bendi ya Waingereza, nao wakaurekodi. Huo ndio mpangilio. Kuiga kunakosemwa kulikwenda upande wa pili.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, na mnivumilie, nitakaa hapo.

Santuri ya Goldwax imeanza kutembea, akatokea Don Robey, mwenye Peacock, na karatasi mkononi: kijana huyu ni wangu. Kivipi? Kwa sababu alipoimba injili na Sunset Travelers alikuwa chini ya mkataba wa Peacock, na mkataba ule haukuisha kwa sababu tu mwimbaji amebadilisha maneno kutoka Yesu kwenda mpenzi. Goldwax wakamwachia. Robey akamhamishia kwenye lebo yake nyingine, Back Beat. Hebu lione: wimbo wako wa kwanza ndio huo unaanza kujulikana, na walioutoa hawana tena sababu ya kuusukuma kwa jina lako, na aliyekuchukua hana sababu ya kuusukuma wimbo usio wake. Umebaki katikati. Wakati huo Otis ana lebo ya Stax nyuma yake, ana matarumbeta, ana safari za maonyesho zilizopangwa. Atakayejulikana ni nani?

Kuna watu huniambia, "Lakini alilipwa kila walipourudia." Jamani. Anayelipwa wimbo unaporudiwa ni mtunzi na mwenye haki za uchapishaji. Mwimbaji wa kwanza hapati hata nauli. Jirani zetu Kenya waliunda chombo, PRISK, cha kukusanya haki ya mwimbaji na mpigaji mbali na ile ya mtunzi. Marekani, redio za kawaida hazimlipi mwimbaji mpaka leo, zinamlipa mtunzi. Kwa hiyo kwenye biashara ile, jina lenye thamani ni lile lililochapwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo, kwenye mabano.

Ninazo santuri zake ndogo kadhaa za Back Beat. Moja ina ukingo ulioliwa, nyingine mtu ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, labda asiibiwe kwenye sherehe. Ziinamishe kwenye taa usome mabano. D. Malone. Geuza, D. Malone. Chukua nyingine, D. Malone tena. Ungedhani ni mtunzi hodari aliyejifungia chumbani Houston usiku na mchana. Deadric Malone ni Don Robey mwenyewe, jina la bandia. Alikuwa akinunua nyimbo kwa watu wenye shida ya pesa za leo, anaandika Malone, mirabaha ya kesho inamrudia yeye. Kununua wimbo ni halali, mkataba umesainiwa, ndivyo watakavyokwambia.

Nisimpake matope peke yake, maana hapa hata mimi huyumba. Robey alikuwa Mweusi aliyejenga kampuni ya santuri Houston mwaka 1949, wakati kampuni za namna hiyo karibu zote zilikuwa za Wazungu. Dixie Hummingbirds, Five Blind Boys wa Mississippi, Mighty Clouds of Joy, wote wamepita kwake. Bila tamaa yake huenda Sunset Travelers wasingerekodiwa kabisa, nami nisingekuwa na cha kubishania. Siku nyingine namwona mwizi, siku nyingine namwona mtunza maktaba mwenye mkono mrefu.

Na O.V. hakukaa kimya huko Back Beat, msije mkadhani alifichwa kabatini. "You're Gonna Make Me Cry" ya 1965 na "Eight Men, Four Women" ya 1967 ziliingia kumi bora za chati ya muziki wa Weusi. Hiyo ya pili ni ndoto ya kesi: mtu anashtakiwa kwa kosa la kupenda, wazee wa baraza kumi na wawili, wanaume wanane na wanawake wanne, wanamtia hatiani. Weusi wa Kusini walimjua vizuri sana. Ambao hawakumjua ni wale mnaowahesabu nyinyi mnaposema "hatumjui".

Sasa hoja ya sauti, maana methali ile inadai kwamba hakuwa mzuri vya kutosha. Kwa bahati, historia imetufanyia jaribio. Prodyuza wake mkubwa alikuwa Willie Mitchell, studio ni Royal ya Memphis, jumba la zamani la sinema ambalo sakafu yake bado inateremka kama pale viti vilipokuwa. Bendi ni ndugu watatu wa Hodges, Teenie gitaa, Leroy besi, Charles kinanda, na Howard Grimes kwenye ngoma. Chumba hichohicho, prodyuza huyohuyo, watu haohao ndio waliompigia Al Green. Jiko moja, mapishi mawili, mmoja akawa nyota wa dunia.

Tofauti iko wapi? Al Green alifundishwa kunong'ona. Mitchell alimbana mpaka sauti ikawa pumzi. O.V. hakunong'ona kwa mtu. Aliimba vilevile kama kiongozi wa kwateti: anaanza chini, karibu kuongea, kama mhubiri anayesalimia waumini na kuuliza habari za wagonjwa, anachelewa nyuma ya mdundo, bendi inamsubiri, halafu neno moja, mara nyingi neno dogo lisilo na maana kubwa, analikamua mpaka linapasuka. Hapandi ngazi za noti kama waimbaji wenu wa sifa wa siku hizi, noti kumi na tano kwenye silabi moja. Anapasua mara moja, anarudi chini. Kwenye "A Nickel and a Nail" ya 1971 anaimba mtu aliyekuwa na kila kitu, sasa mfukoni amebaki na sarafu ya senti tano na msumari. Nimejaribu mwenyewe: sarafu ya shilingi mia mbili na msumari wa inchi tatu kwenye mfuko wa suruali. Ukitembea, zinalia kama una pesa. Sauti yake kwenye wimbo ule ndiyo hiyo.

Na hapa nikiri jambo ambalo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia. Huenda hata angekuwa na lebo tajiri asingefika alipofika Al Green. Sauti yake haikupi mahali pa kujificha. Huwezi kuiweka huku unakaanga vitunguu. Na wimbo ule wa Jamison, zipo usiku ambazo narudia wa Otis kwanza. Otis anauimba kama anayeomba, O.V. kama anayetoa ushahidi. Inategemea siku yangu ilikuwaje.

Yaliyobaki nayapitisha haraka, hayana raha. Robey aliiuza kampuni yake kwa kampuni ya ABC mwaka 1973. O.V. alifungwa katikati ya miaka hiyo kwa mambo ya dawa za kulevya, na hilo silibandiki kwa Robey wala kwa mtu mwingine. Alipotoka alirekodi na lebo ya Hi, tena na Mitchell. Novemba 1980 moyo ulimsimama, Mobile, Alabama, akiwa na miaka 41. Alizikwa Memphis, kaburi likakaa bila jiwe lenye jina mpaka 2008.

Kuna mama mmoja wa kwaya hunitumia kila mwezi ujumbe kwamba ndiyo malipo ya kuacha injili. Mama yangu, shikamoo. Al Green naye aliacha, akaimba mapenzi mpaka akatajirika, kisha akanunua kanisa Memphis na kuwa mchungaji. Sijui malipo hayo yanagawiwaje, ila aliyeimba kama mhubiri mpaka siku ya mwisho si Al.

Baada ya kipindi nikamtumia picha yule msikilizaji wa Otis, santuri tatu zimepangwa mezani, majina yanasomeka vizuri, nikamwandikia: sikiliza hizi kwanza, tutaongea. Jumatano akajibu. "Kaka nimesikiliza, kweli kazi nzuri. Huyu D. Malone ni mtunzi hatari. Ana nyimbo nyingine?"