Ahadi ya mgombea haizuii vita

Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: eti mgombea akiahidi kutoingia vitani, sheria inambana, na akikiuka anapoteza urais. Si kweli. Ahadi ya jukwaani haina nguvu ya kisheria.

Mwaka 1916 rais aliyekuwa madarakani alinadiwa kwa kaulimbiu "Alituepusha na vita". Akashinda Novemba, Aprili 1917 nchi ikaingia Vita Kuu ya Kwanza. Ukiisoma kaulimbiu ile taratibu, utaona inasifu yaliyopita tu, ya kesho haiyagusi. Lakini mzazi mwenye kijana wa umri wa jeshi angeisikia kama ahadi, na simlaumu hata kidogo.

Kinachochanganya watu ni kwamba mipaka ipo kweli, ila haitokani na kampeni. Katiba yao inalipatia bunge mamlaka ya kutangaza vita (Ibara ya 1, Kifungu cha 8), na sheria ya 1973 inamtaka rais kuliarifu bunge hilo ndani ya saa 48 akipeleka majeshi kwenye mapigano. Zote zinasomeka bure mtandaoni. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Aliyekutumia mweleze kwa upole.